Kitabu cha Hayawani: ni kweli al-Jahiz alimtangulia Darwin?

MwalimuWaJioni aliuliza:

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Nina kesi na shemeji yangu. Alinitumia ile picha inayozunguka kwenye simu za watu: mzee mwenye kilemba, chini yake pameandikwa kwamba huyu ni al-Jahiz, Mwislamu aliyegundua mageuzi ya viumbe miaka 1000 kabla ya Darwin. Nikamjibu mbiombio, "Uongo." Akaniuliza, "Umekisoma kitabu chake?" Nikanyamaza, maana sijakisoma. Tangu siku hiyo kila tukionana ananiita Darwin.

Lingekuwa la kifamilia tu ningelimeza. Lakini jioni nasomesha watoto Kurani, na tulipofika Suratu n-Naml, sura ya sisimizi, mtoto mmoja akauliza: wale wanazuoni wa zamani walijuaje habari za wanyama? Walikaa wakawatazama, au walinakili tu kwa Wagiriki? Nikampa jibu la kumnyamazisha, si la kumfundisha. Linanikera hadi leo.

Basi mwenye kujua anisaidie. Tafadhali, msiniletee picha nyingine.

Kipanga77:

Shemeji kapigwa. Jahiz alikuwa mtu wa fasihi na maskhara, kitabu chenyewe kimejaa mashairi na visa vya mabedui. Ukitaka elimu ya wanyama ya kweli msome Ibn Sina, yule tabibu na mwanafalsafa, sehemu ya Hayawan (wanyama) ndani ya kitabu chake al-Shifa. Huyo alipanga mambo. Yule mwingine alikuwa anapiga soga.

MkaguziMstaafu:

Mwalimu, wa alaykumu s-salam. Shemeji usimwombe radhi, ila na wewe usitembee kifua mbele. Mmekosea wote wawili, yeye kukuzidi kidogo. Na wewe Kipanga subiri, nakuja.

Kwanza mjue mnamsikiliza nani. Mimi ni daktari wa mifugo, nimestaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa machinjioni, kisu mkono huu na muhuri mkono huu. Kiarabu changu ni cha chuoni, nikakiongezea kamusi uzeeni. Kitab al-Hayawan, hicho kitabu cha al-Jahiz, ninacho, ile chapa ya Cairo iliyohakikiwa na Abd al-Salam Harun, juzuu 7, na husoma kurasa 3 au 4 kila baada ya alfajiri. Mke wangu anakiita "kitabu chako cha matusi", kwa sababu kwetu hayawani ni neno la kumtukania mtu. Kumbe kwa wenyewe linatokana na uhai: kila kinachoishi na kutembea ni hayawani, mimi na yeye tukiwemo. Nilimweleza hivyo. Hakufurahi.

Mwandishi ni Abu Uthman Amr ibn Bahr wa Basra, alizaliwa karibu mwaka 776 na kufariki mwaka 255 Hijria, yaani 868 au 869. Al-Jahiz ni lakabu tu, maana yake mwenye macho yaliyotokeza. Kitabu alimtunukia waziri Ibn al-Zayyat, na inasimuliwa kwamba alilipwa dinari 5,000. Waziri mwenyewe aliuawa mwaka 847 ndani ya tanuri la misumari alilokuwa amewatengenezea wengine, kwa hiyo kitabu ni cha kabla ya hapo.

Sasa la Darwin. Lipo jambo ambalo picha ya shemeji yako imelishika, halafu ikalivuta kupita kiasi. Al-Jahiz anasema panya hutoka kutafuta riziki yake akila walio dhaifu kuliko yeye, huku akiwaficha watoto wake wasiliwe na nyoka na ndege. Mbu naye anajua bila kufundishwa kwamba uhai wake umo katika damu, na akimwona tembo au kiboko anajua ngozi ile, pamoja na unene wake, imeumbwa aitoboe apate chakula. Kisha anafunga: kila dhaifu humla aliye dhaifu zaidi, na kila mwenye nguvu hana budi kuliwa na mwenye nguvu zaidi, na watu wao kwa wao wanakaribia kufanana na hayo. Hapo amechora mlolongo mzima wa nani anakula nani. Pengine anasema chawa wa kichwa cha nywele nyeusi ni mweusi, na wa kichwa cha mvi ni mweupe, maana kiumbe hufuata rangi ya mahali anapoishi. (Najua neno chawa siku hizi lina maana nyingine. Cheka, kisha tuendelee.)

Watu wakisoma hayo mawili wanaruka moja kwa moja hadi mageuzi. Lakini hoja ya Darwin katika kitabu chake cha mwaka 1859 si kwamba wanyama wanalana, hilo hata mchunga mbuzi analijua. Ni kwamba wanazaliwa wengi kuliko watakaopata nafasi ya kuishi, wanatofautiana kidogo kidogo, tofauti hizo zinarithiwa, na zile zinazomsaidia mwenyewe kuishi na kuzaa zinazidi kuenea kizazi hadi kizazi, mpaka spishi moja inazaa nyingine. Mnyororo huo al-Jahiz hana. Chawa wake anabadilishwa na nywele. Hateuliwi. Tena alikubali, kama Aristotle Mgiriki kabla yake, kwamba baadhi ya wadudu huzaliwa na uozo bila baba wala mama, na mtu wa namna hiyo hawezi kuwa anatafuta asili ya spishi. Alichokuwa akikitafuta kakitaja mwenyewe mara nyingi: hekima ya Muumba ndani ya vitu vidogo, hata bawa la mbu, ambavyo mwenye kiburi hupita bila kuvitazama.

Kwa hiyo shemeji kamvisha Jahiz kanzu ya Darwin. Wewe nawe umeitupa hata kanzu ya Jahiz mwenyewe.

La pili, la mtoto wako, ndilo lililonifanya niandike. Waliangalia. Tena si kuangalia tu, walijaribu.

Chukua kisa cha mbuni. Ilikuwa inasemwa kwamba mbuni humeza kaa la moto asidhurike. Al-Nazzam, mwalimu wake al-Jahiz, alikuwepo mahali ambapo walichukua mawe, wakayatia moto mpaka yakawa mekundu, wakamtupia mbuni mmoja baada ya jingine. Akameza. Hapo wengi wangepiga makofi wakaenda zao. Al-Nazzam akataka zaidi: vipi chuma? Wakatia chuma moto, ndege akameza tena. Sasa wakapanga wamwache siku kadhaa kisha wamchinje, waone tumboni kimebaki nini. Kabla siku hazijafika, mmoja wa waliokuwepo akatupa kisu. Mbuni akakimeza, kikatokeza kooni pale pale anapochinjiwa, akaanguka akafa. Lalamiko la al-Nazzam ni lalamiko la mtafiti wa kila zama: upumbavu wa yule bwana umetuzuia kulifikisha jambo mwisho.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Mbuni ana firigisi kama kuku, ila kubwa, na humeza mawe kwa makusudi ili yamsagie chakula. Wangeipasua wangekuta mawe ya zamani yamelainika na kuviringana, na huenda wangejua kwamba kilichotakiwa kuulizwa si moto, ni mawe yenyewe yana kazi gani. Walibakiza hatua moja.

Kipanga, hii ndiyo soga unayoisema? Ibn Sina ni bahari, sibishi. Sehemu ile ya al-Shifa ilikwenda mpaka Kilatini, akaitafsiri Michael Scot kwa ajili ya mfalme Frederick II. Lakini Ibn Sina ana mpango wa Aristotle mkononi. Jahiz ana Basra nzima: mabaharia, wachinjaji, wafuga njiwa, washika nyoka. Na yale mashairi si pambo. Anasema wazi kwamba machache mno katika waliyoyasema wanafalsafa kuhusu wanyama hayamo katika mashairi ya mabedui. Kwake shairi la jangwani ni ushahidi wa mtu aliyelala na ngamia miezi sita.

Si kwamba kila walichopokea kwa mabedui kilikuwa sawa. Kuna msemo unazungukazunguka vitabu vya zama hizo: farasi hana bandama, ngamia hana nyongo, mbuni hana uboho. Wa ngamia ni kweli. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililipekua ini la ngamia juu chini nikitafuta kifuko cha nyongo, nikidhani mchinjaji kakitoa kabla sijafika. Yule mzee akaniacha nihangaike, kisha akasema kwa upole, "Daktari, huyu hakuja nacho." Lakini wa farasi umekwenda kombo. Farasi bandama analo, tena kubwa, likijibana wakati wa mbio linasukuma damu zaidi mwilini. Asichokuwa nacho ni kifuko hicho hicho cha nyongo. Aliyesema mwanzo huenda alichanganya viungo, na waliomfuata wakanakili. Farasi hachinjwi kila siku. Nani angekwenda kupekua?

BintiKamusi:

Mkaguzi, Mungu akuweke. Naongezea upande wangu, mimi ni mtu wa lugha.

Mwalimu, kabla ya Jahiz wanyama walikuwa mikononi mwa wakusanya maneno. Al-Asma'i, wa Basra vilevile, aliyefariki karibu mwaka 828, ana vitabu vyake mbalimbali: cha farasi, cha ngamia, cha kondoo na mbuzi, cha wanyama wa mwitu. Walikuwa wanatafuta Kiarabu safi, na Kiarabu safi kilikuwa jangwani, na jangwani kila jina lina kwato. Ukitaka kujua neno la ngamia jike wa mimba ya miezi 10, lazima umjue ngamia wa miezi 10.

Kuna kisa Ibn Khallikan, mwandishi wa maisha ya watu mashuhuri, anakihadithia. Waziri al-Fadl ibn al-Rabi' aliwaita al-Asma'i na hasimu wake Abu Ubayda. "Kitabu chako cha farasi kina juzuu ngapi?" Al-Asma'i akasema, moja. Abu Ubayda akasema, 50. Akaletwa farasi. Abu Ubayda akaambiwa asimame, aweke mkono juu ya kiungo kimoja kimoja akitaje jina. Akajibu kwamba yeye si tabibu wa farasi, hayo aliyachukua kwa Waarabu. Al-Asma'i akainuka, akamkamata farasi kwa nywele za kipajini, akateremka naye kiungo hadi kiungo, kila alipogusa akitaja jina na kusoma beti walizosema Waarabu, mpaka kwatoni. Akapewa farasi.

Utamu uko mwishoni: kila alipotaka kumuudhi Abu Ubayda, alikuwa anampanda farasi huyo huyo kwenda kumtembelea.

Kipanga77:

Juzuu 50 na hajui kiungo kimoja. Sawa, la soga nimelifuta. Lakini Mkaguzi, huyo Jahiz alipokea mangapi ya ajabu bila kuchuja? Nakumbuka kuna la mtoto wa kifaru anayechungulia tumboni mwa mama yake.

MwalimuWaJioni:

Hapo hapo Kipanga. Nimesoma mpaka macho yananiuma, na hilo ndilo la kuwaambia watoto: walitenganisha vipi ukweli na porojo? Kisa cha farasi nimeshakiiba, dada BintiKamusi unisamehe.

MkaguziMstaafu:

La kifaru ni kweli limo. Ilisemwa kwamba mimba yake ni ya miaka 7, na mtoto hutoa kichwa nje akala majani kisha akakirudisha ndani. Al-Jahiz analileta kwa mashaka, lakini amelileta. Miongo kadhaa baadaye akaja al-Mas'udi, yule msafiri aliyefika mpaka Qanbalu, kisiwa cha bahari ya Zanj, karibu mwaka 916, akaandika kuhusu pembe za tembo zinazotoka huku kwenda Oman na kutoka huko kwenda India na China. Al-Mas'udi hakubishana na kitabu kwa kitabu. Aliwauliza watu wa Siraf, bandari ya Uajemi, na wa Oman waliokuwa wakienda India, na wafanyabiashara aliowakuta hukohuko India. Wote wakashangaa. Wakamwambia kifaru hubeba mimba na kuzaa kama ng'ombe na nyati tu. Akaandika kwamba hajui al-Jahiz alilitoa wapi, kwa kitabu alichokinakili au kwa mtu aliyemsimulia.

Lakini al-Jahiz naye alikuwa na ungo wake. Aristotle anamwita "mwenye mantiki", anamheshimu, na anamtia kona. Alisoma kwake kwamba aliwahi kuonekana nyoka wa vichwa viwili. Akaenda kumuuliza bedui. Bedui akasema, naam, ni kweli kabisa. Hapo ndipo wengi wangeandika: imethibitishwa na shahidi. Al-Jahiz akaendelea kuuliza. Anatambaa kuelekea kichwa kipi? Anakula kwa kipi? Anauma kwa kipi? Bedui hakutaka kushindwa. Kutambaa, akasema, hatambai, anajiviringisha kama watoto wanavyojiviringisha mchangani. Chakula cha usiku anakula kwa kinywa hiki, cha mchana kwa kinywa kile. Na kuuma, anauma kwa vyote viwili kwa pamoja. Al-Jahiz anamaliza: kumbe huyu ndiye muongo kuliko viumbe wote.

Onyesha watoto hapo, mwalimu. Hakumwambia bedui "unasema uongo". Alimuuliza swali dogo la jikoni, la kula na kutembea, mpaka uongo ukajikwaa wenyewe. Mahali pengine anausia msomaji ajifunze pa kutilia shaka, ili ajue pa kuwa na yakini, na anasema watu wa kawaida wana shaka chache kuliko wasomi. Nimefanya kazi na wafugaji na nimefanya kazi na maprofesa, na hapo namuunga mkono nusu.

Pa kuanzia: usianze juzuu ya kwanza. Utakwama kwenye mabishano marefu ya mwenye mbwa na mwenye jogoo, yanayokula karibu juzuu 2 nzima, na utanilaumu. Kama ni kwa watoto, chukua al-Damiri wa Cairo, aliyefariki mwaka 1405, Hayat al-Hayawan. Kimepangwa kwa herufi, kinaanza na simba. Kila mnyama anakuja na jina lake, tabia, hukumu ya kuliwa, methali, dawa, hata tafsiri ya ndoto. Al-Damiri hachuji kama al-Jahiz, anakusanya, na kalamu ikimponyoka haishikiki: ukifungua pa bata bukini unakuta katia humo historia ya makhalifa. Ni kama kabati la bibi, kila kitu kimo. Kwa Kiingereza kipo pia kwa sehemu, alikitafsiri daktari mmoja aliyekaa Muscat miaka mingi, Jayakar.

Kisha ukirudi kwa al-Jahiz, nenda kwenye nzi.

Basra alikuwepo kadhi, Abdallah ibn Sawwar, mtu wa haiba. Akiketi hategemei kitu, hageuzi shingo, hakunji mguu, utasema jengo au jiwe lililosimikwa. Siku moja yuko barazani na watu wamemzunguka, nzi akatua puani. Akakaa. Kadhi hakukunja hata ncha ya pua. Nzi akahamia pembeni mwa jicho, akaanza kuuma. Kadhi akavumilia. Ilipozidi, akashusha kope la juu juu ya la chini. Nzi hakuondoka. Akawa anafumba na kufumbua, anafumba na kufumbua. Nzi akasogea kidogo, kope zikitulia anarudi pale pale alipokwisha kupachimba, kwa ukali zaidi. Watu wanamtazama na kujifanya hawaoni. Mwisho mkono ukainuka, akamfukuza. Nzi akarudi. Safari hii kadhi akatumia ncha ya kanzu. Ndipo akasema: nimejiona mbele ya watu kuwa mzito kuliko wote, na kiumbe dhaifu kabisa wa Mwenyezi Mungu amenishinda na kunifedhehesha. Akasoma aya ya Suratu l-Haj, kwamba nzi akiwapokonya kitu hawawezi kukiokoa kwake, amedhoofika mwenye kutaka na mwenye kutakiwa.

Hayo ni maandishi ya mtu aliyemtazama nzi kweli: anatua wapi, anahama lini, na kwa nini anarudi kwenye kidonda kile kile. Mimi nimefukuza nzi maisha yangu yote kazini na sikuwahi kuyaona mpaka niliposoma. Uzeeni al-Jahiz alipooza upande mmoja. Alipoulizwa hali, alisema nusu ya mwili wangu ukiikata kwa misumeno haitahisi, na nusu nyingine nzi akiruka karibu nayo inaumia.

BintiKamusi:

Hata hapo nzi.

MwalimuWaJioni:

Jana nimewasomea cha kadhi. Nilijaribu kukaa kama yeye, bila kutikisika, mtoto mmoja awe nzi kwa ncha ya unyoya. Sikufika hata jichoni. Yule aliyeuliza swali la kwanza sasa anataka kujua kwa nini nzi anapenda machozi, na safari hii nimemwambia ukweli: sijui, tukatazame. Mkaguzi, jibu ukiwa nalo usilete kwanza.

Shemeji nimemtumia uzi huu. Amesoma mpaka kwa mbuni, akaniuliza kama kile kisu walikipata.